Lisbon: Mji Ambao Mizinga Yake Ilinyamaza

NDUGU MSOMAJI, kama siku moja safari itakufikisha Lisbon, mji mkuu wa Ureno, wenyeji wako watakuonyesha vilima vyake, tramu za rangi ya manjano zipandazo vichochoro kwa kunguruma, na mto Tejo utanukao mithili ya ziwa kabla ya kumwaga maji yake baharini. Vyote hivyo vinastahili kutazamwa. Lakini kwetu sisi, watu wa Afrika Mashariki, mji huu una habari nyingine, nayo ni habari ya mizinga. Katika gati zake ndimo ilimopakiwa mizinga iliyobomoa miji ya pwani yetu mwaka 1505. Na katika mji huo huo, miaka 469 baadaye, afisa mmoja wa mizinga aliongoza mipango iliyouangusha utawala wa kikoloni kwa siku moja tu, pasipo mzinga hata mmoja kufyatuliwa.

Afisa huyo ni Otelo Saraiva de Carvalho. Ili tuelewe aliyoyatenda, na yaliyompata baadaye, hatuna budi kuzizuru sehemu za mji alizopitia.

Ua wa mizinga

Tuanzie kituo cha gari moshi cha Santa Apolónia, kando ya mto. Karibu nacho limesimama jumba la Makumbusho ya Jeshi, mahali palipokuwa na karakana na ghala za silaha za wafalme. Jumba hilo lilipoanzishwa mwaka 1851 liliitwa Makumbusho ya Mizinga, na hadi leo uani mwake imepangwa mizinga ya shaba nyeusi iliyonakshiwa nembo za wafalme ambao wengi wetu hatuyajui hata majina yao.

Mgeni wa kawaida huisifu kazi ya mafundi, akapita. Mtu wa Kilwa au wa Mombasa hawezi kupita upesi hivyo. Tarehe 25 Machi 1505, Francisco de Almeida aling'oa nanga hapa Lisbon na kundi kubwa la merikebu. Mwezi wa Julai aliingia Kilwa, mji ukatekwa na mali yake ikaporwa. Mwezi wa Agosti ikawa zamu ya Mombasa, ambao ulichomwa moto. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa, na mwaka 1698 wakaondolewa humo na Waarabu wa Oman. Upande huu wa mto Ruvuma wakatuachia magofu, na maneno machache tuyatumiayo kila siku: meza, bendera, leso. Upande wa pili wa Ruvuma walibaki wenyewe, na bendera yao haikuteremshwa hadi mwaka 1975.

Kijana wa Lourenço Marques

Ni huko huko, upande wa pili wa Ruvuma, ndiko alikozaliwa Otelo, tarehe 31 Agosti 1936, katika mji wa Lourenço Marques, ambao leo ni Maputo. Wazazi wake walipenda sana michezo ya kuigiza, wakampa mtoto wao jina la Othello, yule jemadari mweusi wa tamthilia ya Shakespeare. Kijana naye alitamani kuwa mwigizaji. Hakuwa. Alipofikia umri wa miaka kumi na tisa aliingia Chuo cha Kijeshi mjini Lisbon, akawa afisa wa mizinga.

Kazi ya mizinga, ndugu msomaji, haifanani na ya askari wa miguu. Askari wa miguu humwona adui yake uso kwa uso. Afisa wa mizinga aghalabu hamwoni. Yeye huitazama ramani, saa na hesabu ya umbali, na neno lake hupita kwenye waya wa simu au redio kabla halijageuka moto mahali asipopaona. Kazi hiyo humfundisha mtu kupanga mambo mengi yatokee kwa wakati mmoja. Tutaona jinsi mafunzo hayo yalivyomfaa.

Ukitaka kuijua njia yake ya vita, ufuate mto kuelekea magharibi hadi gati za Alcântara, karibu na daraja kubwa la chuma lenye rangi nyekundu. Kutoka hapa meli kama Vera Cruz na Niassa zilibeba vijana wa Kireno kwenda kupigana Afrika. Mama zao walisimama gatini wakipunga leso. Vita vilianza Angola mwaka 1961, vikafuata Guinea-Bissau mwaka 1963 na Msumbiji mwaka 1964. Ureno, nchi maskini yenye watu wasiofika milioni kumi, ikajikuta inapigana vita vitatu mbali na kwao, huku fungu kubwa la fedha za serikali likiteketea katika bunduki. Vijana wengi walitoroka kwenda Ufaransa kuliko kupelekwa Afrika.

Otelo hakutoroka. Alikwenda Angola mwaka 1961 akiwa luteni, akarudi huko akiwa kapteni kuanzia mwaka 1965 hadi 1967. Mwaka 1970 alipelekwa Guinea-Bissau, chini ya Jenerali António de Spínola, akawekwa katika idara ya mambo ya raia na propaganda. Kazi yao ilikuwa kuwavuta wananchi waache kuwaunga mkono wapigania uhuru wa PAIGC, chama cha Amílcar Cabral.

Huko ndiko somo lilikoingia. Mtu aliyetumwa kuwashawishi Waafrika kwamba utawala wa Kireno ulikuwa na heri kwao alilazimika kila siku kuwasikiliza Waafrika hao. Tarehe 20 Januari 1973 Cabral aliuawa mjini Conakry, na wakoloni wakatumaini kwamba chama chake kingekufa naye. Hakikufa. Katika miezi iliyofuata wapiganaji wake walianza kutungua ndege za Ureno kwa makombora. Tarehe 22 Mei kambi ya Guiledje ilihamwa na askari wake wenyewe, na mizinga yao ikaachwa nyuma. Tarehe 24 Septemba 1973 PAIGC kikatangaza uhuru wa nchi huko Madina do Boé. Maafisa waliorejea Lisbon mwaka huo walijua jambo ambalo serikali yao ilikataza lisisemwe: vita vile havikuwa na ushindi.

Hata hivyo tusiwapambe kupita kiasi. Manung'uniko ya kwanza ya makapteni hayakuwa juu ya uhuru wa Afrika. Mwezi wa Julai 1973 serikali ilitoa amri iliyowapa maafisa wa muda nafasi ya kuingia katika jeshi la kudumu na kupandishwa vyeo kwa njia fupi, na maafisa wa kudumu wakachukizwa. Mwezi wa Septemba walikutana kwa siri katika shamba moja la mkoa wa Alentejo. Walianza na habari ya vyeo. Lakini watu wenye akili wakikaa pamoja kuulizana kwa nini jeshi linahitaji maafisa wengi kiasi kile, hawakawii kulifikia swali la vita vyenyewe, na kutoka hapo swali la serikali iliyovianzisha.

Chumba cha Pontinha

Sasa tuuache mto, tuelekee kaskazini-magharibi, pembezoni mwa mji, hadi Pontinha. Siku hizi treni za chini kwa chini hufika huko. Ndani ya iliyokuwa kambi ya jeshi la wahandisi kimehifadhiwa chumba cha kawaida kabisa. Msafiri atafutaye fahari hataiona hapa. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 25 Aprili 1974, madirisha ya chumba hiki yalizibwa kwa mablanketi ili mwanga usionekane nje, na ndani yake Meja Otelo, mwenye umri wa miaka 37, akakaa mbele ya ramani pamoja na maafisa wenzake wachache.

Mpango ulikuwa wake. Kila kikosi kilipangiwa njia, saa na mahali pa kushika: redio, televisheni, uwanja wa ndege, makao makuu ya jeshi. Ishara ilitoka redioni. Kabla ya saa tano ya usiku ulipigwa wimbo wa kwanza, wimbo wa mapenzi usioweza kumshtua mtu. Saa sita na dakika ishirini ukapigwa wa pili, «Grândola, Vila Morena» wa José Afonso, mwanamuziki aliyepata kuwa mwalimu wa shule Msumbiji. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kurudi nyuma. Magari yakatoka kambini nchi nzima.

Katika chumba kile kulikuwa pia na afisa wa majini aitwaye Vítor Crespo. Mlikumbuke jina hilo, maana tutakutana nalo tena.

Koplo ndani ya kifaru

Turudi mtoni, hadi uwanja mpana wa Terreiro do Paço, wenye majumba ya nguzo pande tatu na maji upande wa nne. Wizara za serikali zilikuwa hapa. Alfajiri ile Kapteni Salgueiro Maia, kijana wa miaka 29 aliyekwisha kupigana Msumbiji na Guinea-Bissau, aliingia na msafara wake kutoka Santarém.

Serikali nayo haikukaa bure. Ilituma vifaru, na katika barabara za kando ya uwanja huu pande mbili zikakabiliana. Brigedia wa serikali aliamuru Maia na watu wake wapigwe. Afisa kijana aliyepewa amri alikataa. Brigedia akamgeukia koplo aliyekuwa ndani ya kifaru. Koplo yule alijifungia humo, wala hakufyatua. Historia ya Ureno, pengine na ya nchi zetu pia, ilining'inia kwa dakika chache kwenye kidole cha koplo mmoja.

Hatari nyingine ilitoka majini. Manowari Almirante Gago Coutinho iliamriwa isogee mbele ya uwanja na kujitayarisha kuwapiga waasi. Sasa tazama ng'ambo ya mto. Juu ya kilima cha Almada utaiona sanamu kubwa ya Kristo aliyenyoosha mikono, iliyozinduliwa mwaka 1959. Katika mpango wa Otelo, wenzake wa mizinga kutoka chuo cha Vendas Novas walipangiwa kilima hicho, nao asubuhi ile mizinga yao ikakaa chini ya sanamu ikiielekea mito na manowari. Huku mizinga ya melini, kule mizinga ya kilimani, na katikati yake mji uliojaa watu wanaokwenda kazini.

Hakuna upande uliofyatua. Mabaharia hawakupiga. Wa kilimani hawakulazimika kujibu. Mji uliopeleka mizinga Kilwa ulisalimika siku ile kwa sababu watu waliokuwa nyuma ya mizinga walikataa kuitumia.

Gari liitwalo Chaimite

Kutoka uwanjani panda mtaa hadi bustani ndogo ya Carmo, iliyo mbele ya kanisa lililobaki gofu tangu tetemeko la ardhi la mwaka 1755. Marcelo Caetano, waziri mkuu aliyemrithi dikteta Salazar, alijificha katika kambi ya polisi wa kijeshi iliyo kando ya gofu hilo. Watu walijaa hadi juu ya miti. Maia alitoa muda, risasi za bunduki zikapigwa ukutani, na hatimaye Caetano akakubali kujiuzulu, ila kwa sharti kwamba akabidhi madaraka kwa jenerali. Akaitwa Spínola. Jioni Caetano akatolewa ndani ya gari la deraya.

Magari ya namna hiyo huitwa Chaimite. Jina hilo, ndugu msomaji, ni la kijiji cha Gaza, Msumbiji, ambako tarehe 28 Desemba 1895 Wareno walimkamata mfalme Gungunhana. Walimleta hapa Lisbon wakamwonyesha mitaani kama nyara, kisha wakampeleka uhamishoni visiwa vya Azores, akafia huko mwaka 1906. Waliolipa gari jina hilo walikusudia kuukumbuka ushindi wao. Hawakujua kwamba mtawala wa mwisho wa utawala wao angepakiwa humo humo, akatolewa mjini mbele ya watu waliokuwa wakimzomea.

Siku ile mfanyakazi wa mkahawa, Celeste Caeiro, alikuwa akirudi nyumbani na maua mekundu aliyopewa kazini. Askari mmoja alimwomba sigara. Hakuwa nayo, akampa ua, na askari akalichomeka kwenye mtutu wa bunduki yake. Wengine wakaiga. Wareno huliita ua hilo kwa jina lile lile waitalo karafuu, zao tulijualo sana Unguja na Pemba. Mapinduzi yakapata jina lake.

Lakini teremka kidogo hadi mtaa wa António Maria Cardoso, yalipokuwa makao ya polisi wa siri. Hapo askari kanzu waliwapiga risasi raia toka madirishani, wakaua wanne. Maua hayakutosha kuzuia damu yote.

Hadi Lusaka na Dar es Salaam

Kuanguka kwa Caetano hakukuwa uhuru wa Afrika. Spínola, aliyekuwa rais mpya, alitaka makoloni yabaki katika shirikisho na Ureno. Mapema mwezi wa Juni 1974 ujumbe ulikwenda Lusaka kuonana na FRELIMO, ukiongozwa na Mário Soares, naye Otelo akiwamo. Mzaliwa wa Lourenço Marques akaketi mbele ya Samora Machel. Samora hakukubali kusimamisha vita kabla Ureno haijakubali uhuru kamili. Alikuwa na haki ya kusubiri. Tangu FRELIMO kilipoundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, watu wake walikuwa wamezika wengi, pamoja na Eduardo Mondlane aliyeuawa kwa bomu mjini humo humo tarehe 3 Februari 1969.

Mwezi wa Julai Ureno ilikubali kisheria haki ya makoloni kujitawala. Mwezi wa Agosti mazungumzo yakaendelea Dar es Salaam, na tarehe 7 Septemba 1974 mkataba ukatiwa sahihi Lusaka. Miongoni mwa waliotia sahihi kwa upande wa Ureno alikuwamo Meja Ernesto Melo Antunes, afisa mwingine wa mizinga, mwandishi wa programu ya kisiasa ya makapteni. Alikuwamo pia Vítor Crespo wa chumba cha Pontinha, ambaye alikwenda Lourenço Marques kuwa kamishna mkuu wa mwisho. Msumbiji ikawa huru tarehe 25 Juni 1975, miaka kumi na mitatu kamili tangu siku ile ya Dar es Salaam.

Mwisho wa afisa

Msafiri akiuliza mjini Lisbon juu ya Otelo, atapata majibu mawili, na mara nyingine atayapata katika meza moja. Wapo wamwitao mkombozi. Wapo wasiotaka kulisikia jina lake.

Baada ya mapinduzi alipandishwa cheo kuwa brigedia, akapewa kuongoza kamandi yenye nguvu kuliko zote. Mwaka 1975 askari wa kamandi hiyo waliwakamata watu bila hati za mahakama, na malalamiko yakawa mengi. Tarehe 25 Novemba mwaka huo mrengo wake ulishindwa, naye akavuliwa madaraka. Mwaka 1976 aligombea urais akashika nafasi ya pili, lakini mbali nyuma ya mshindi. Katika miaka ya themanini kikundi cha siri kilichojiita Nguvu za Umma za 25 Aprili kiliua watu kwa mabomu na risasi. Otelo alikamatwa mwaka 1984, akahukumiwa kifungo mwaka 1987 kwa kuhusika na kikundi hicho, jambo alilolikana. Aliachiwa mwaka 1989, na mwaka 1996 Bunge likapitisha msamaha. Alipofariki dunia mjini Lisbon tarehe 25 Julai 2021, akiwa na umri wa miaka 84, serikali haikutangaza maombolezo ya kitaifa, na ubishi ukazuka upya.

Mwandishi wa makala haya haoni haja ya kuchagua jibu moja. Mke aliyempoteza mumewe katika miaka ya themanini ana haki ya kutosamehe. Mama wa Alentejo ambaye mwanawe hakupandishwa tena meli kwenda Angola ana haki ya kushukuru. Mtu mmoja anaweza kuwa na siku moja ya haki kubwa, kisha akaishi miaka mingi asiweze kuifikia tena.

Kabla hujaondoka Lisbon, nenda Belém, kando ya mto, penye ukumbusho wa askari wa Ureno waliokufa katika vita vya Afrika. Ulizinduliwa mwaka 1994, na kutani mwake yamechongwa majina zaidi ya elfu tisa. Wamo Waafrika waliopigana chini ya bendera ya Ureno. Wale wa upande wa pili hawamo, wala hatutazamii wawemo. Hao wamelala Cabo Delgado, Bissau na Luanda, na wengi wao hawana hata jiwe.

Ni hao wasio na jiwe waliomfundisha Otelo na wenzake lile ambalo Chuo cha Kijeshi hakikuwafundisha. Kwa miaka kumi na mitatu walikataa kushindwa, hadi afisa aliyetumwa kuwapiga akaanza kuuliza mzinga wake unaelekea wapi, na kwa faida ya nani. Alipopata jibu, aliirudisha ramani yake Lisbon. Waafrika walijipigania uhuru wao, na Wareno nao wakaupata wa kwao kwa mlango huo huo.